Sahihi ya Asubuhi

Nchi inayosemwa hapa si yetu, wala si ya jirani, kwa hiyo msomaji asigeuke kumtazama mtu. Inaitwa Subirani, na mji wake mkuu ni Njookesho. Mvua hunyesha huko kama kwingine, na watu wake husali, huoana, huzaa na kuzikana kama binadamu wote. Tofauti ni moja tu, nayo ni ya adabu. Huko, mkubwa hasomi karatasi kabla ya kuitia sahihi.

Jambo hili lisichukuliwe kuwa ni uvivu. Waziri wa kwanza wa Sahihi na Mihuri, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa safari nyingi. Kila alipotaka kupanda ndege alitia sahihi bunda la karatasi tupu, akamwachia karani wake na kumwambia, "Mtajaza wenyewe." Waziri wa pili hakuwa na safari, lakini aliona si heshima kuacha alichokikuta. Wa tatu akakipa jina: Sahihi ya Asubuhi. Tangu hapo kila siku, baada ya chai na kabla ya magazeti, Waziri huketi akatia sahihi karatasi nyeupe mpaka mkono umchoke, na mchana makarani wakazijaza. Huyu kapewa kibali cha kujenga, yule kapewa talaka, wale wamepewa shule. Mkubwa akionekana anasoma kwanza, watu huulizana pembeni: kulikoni, hawaamini vijana wake? Hata mtoto akikodolea macho daftari la mwenzake huambiwa, "Acha kusomasoma, watu watadhani hukulelewa."

Nje ya lango la Wizara hiyo aliketi Bi. Sikudhani, mjane, na birika lake la kahawa na sinia la kashata. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Alijua nani ameingia akicheka na nani ametoka akijifuta uso, na alijua kwamba makarani wakiagiza kahawa chungu siku hiyo faili halitembei. Mara nyingi aliitwa ndani kumimina kahawa kwenye vikao, na kwa kuwa hakuna anayemwona mtu wa kahawa, aliyaona mengi.

Shida yake ilikuwa moja. Mtaani kwake, Magengeni, serikali ilikuwa imejenga nyumba ya uzazi. Ilikuwa imekwisha kabisa, imepakwa rangi ya buluu, vitanda bado vimevaa nailoni zake. Taa zake ziliwaka mchana na usiku, maana fundi aliyeziwasha siku ya kuzijaribu alipotoka hakuruhusiwa tena kuingia kuzizima. Mlango ulikuwa na kufuli, ukingoja Ruhusa ya Kufunguliwa. Mkunga, Muuguzi Twilumba, alikwisha kupangiwa kazi pale. Kila asubuhi aliripoti kazini, akaketi kwenye benchi nje ya mlango, akafuma vitambaa mpaka jioni, akarudi kwake. Mlinzi, Matari, aliwekwa kuhakikisha kwamba hakuna mtu atakayezaliwa humo kabla ya wakati wa serikali.

Akina mama wa Magengeni walimtuma Bi. Sikudhani aifuatilie hiyo ruhusa, kwa kuwa yeye ndiye mtu wa langoni. Hawakujua kwamba asingehitaji kutumwa. Binti yake wa pekee, Saumu, alikuwa mjamzito. Kwenye mimba yake ya kwanza uchungu ulimshika jua likizama, kivuko cha kwenda hospitali ya ng'ambo ya mto kikiwa kimeshafungwa, na mtoto akazaliwa kwenye ngazi za gati, hakulia. Bi. Sikudhani hakulisema tena jambo hilo kwa mdomo. Alilisema kwenye sijida tu. Sasa Saumu alikuwa na tumbo la pili, limeanza kushuka, na mumewe yuko safarini na lori.

*

Siku zile Mheshimiwa Dakta Chambulila, Waziri wa Sahihi na Mihuri, alirudi kutoka mkutano wa nje akiwa na neno jipya. Alilibeba kwa uangalifu, kama mtu aliyetoka ng'ambo na sahani za kioo. Neno lenyewe lilikuwa "kidijitali".

Mahema yakapigwa, bendi ikaletwa, na Bi. Sikudhani akaambiwa aongeze kahawa. Waziri akasimama.

"Ndugu wananchi," alisema, "mkono huu umechoka kwa ajili yenu. Nimetia sahihi mpaka bega likawa halipandi. Kuanzia leo mkono wangu utakaa ndani ya mashine, na bega langu litabaki kwa shughuli nyingine za kitaifa."

Watu wakapiga makofi. Akaitwa mtaalamu aliyeitengeneza kazi hiyo, mwanamke mmoja mwembamba aitwaye Nyamizi, mwandishi wa programu. Alieleza kwa lugha nyepesi.

"Nimeandika msimbo," alisema, "yaani maagizo ya kuiambia kompyuta nini cha kufanya. Kompyuta inaichukua hati, inaipima yote herufi kwa herufi, kisha inaifunga kwa ufunguo wa siri wa Mheshimiwa. Hiyo ndiyo sahihi. Mwenye kifaa cha kukagulia akikielekeza kwenye hati, kikitoa rangi ya kijani, ajue kwamba ni Waziri kweli, na kwamba baada ya Waziri hakuna aliyegusa kitu. Mtu akiongeza hata nukta, kinatoa nyekundu."

"Inatia sahihi ngapi kwa asubuhi moja?" akauliza Waziri.

"Zote mtakazoipa, Mheshimiwa."

Makofi yakapanda mpaka bendi ikadhani imeitwa, ikaanza kupiga.

"Ila ziwe zimekwisha kuandikwa," alisema Nyamizi, lakini tarumbeta lilikuwa limeshamfikia.

Kesho yake Bi. Sikudhani alikuwa akimimina kahawa ofisini kwa Katibu Mkuu, Bwana Mapande, mzee wa suti ya kijivu ambaye hakuwahi kuonekana na haraka. Nyamizi alikuwa amesimama mbele ya meza.

"Mtaalamu," alisema Bwana Mapande, "mashine ianze kazi saa ya chai. Ikute karatasi tupu."

"Tupu, mzee?"

"Kama desturi."

"Mzee, ikitia sahihi karatasi tupu, halafu nyinyi mkajaza, itakataa. Nilisema kwenye uzinduzi."

"Ulisema. Tukapiga makofi."

"Si tuandike kwanza, halafu ndiyo mashine itie sahihi?"

Bwana Mapande akaweka kikombe chini. "Halafu Waziri awe ametia sahihi kitu chenye maneno? Watu watasema ameyasoma."

"Lakini ni mashine, mzee. Si yeye."

"Mkono ni wake, mwanangu. Na adabu inakaa mkononi."

Nyamizi akamgeukia Bi. Sikudhani, kama mtu anayetafuta shahidi. Bi. Sikudhani akalitazama birika. Alikuwa na ruhusa anayoisubiri ndani ya jengo lile, na mtu mwenye faili ndani hachangii mazungumzo.

Basi Nyamizi akafanya alivyoagizwa. Kwenye msimbo akaandika kwamba kila asubuhi, kwa kila karatasi tupu, iwekwe sahihi ya Waziri. Na chini yake, mahali ambapo waandishi wa programu huandikiana maneno ambayo kompyuta huyaruka, akaandika neno moja: "Nimeagizwa."

*

Mashine ilikuwa na kasi, hilo hakuna aliyelikana. Ruhusa iliyokuwa imelala muda wote huo ilitoka wiki ileile. Karani akaijaza vizuri: nyumba ya uzazi ya Magengeni ifunguliwe, wanawake waingie, wazae. Bi. Sikudhani akaifunga kwenye pindo la kanga akaenda nayo mtaani. Akina mama wakamwona kwa mbali anavyotembea, wakajua, vigelegele vikaanza kabla hajafika. Muuguzi Twilumba akaingiza ufumaji wake kwenye mkoba, akasimama, akanyoosha mgongo.

Matari akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Akaielekezea kifaa. Kikatoa nyekundu, na sauti ya kike ya upole ikasema kutoka ndani: "Hati imeguswa baada ya sahihi."

"Imeguswa na nani?" akauliza Bi. Sikudhani.

"Haisemi nani, Bi mkubwa."

"Nimeishika mimi, na mikono nilinawa."

"Si mguso huo. Haya maandishi. Yamekuja baada ya Waziri."

"Maandishi yanakuja baada ya Waziri tangu nimezaliwa."

"Ndiyo, lakini hiki kifaa kimezaliwa juzi."

Vigelegele vikanywea kimoja kimoja. Twilumba akatazama kufuli, akaketi, akatoa tena ufumaji wake.

Haikuwa Magengeni peke yake. Nchi nzima ilipigwa wekundu. Kuna bwana harusi aliyeambiwa kwamba yule aliyekaa naye kwenye kochi la maua ni mgeni wake tu, na ajitahidi kumfikisha kwao mapema. Kuna mfungwa aliyemaliza kifungo chake, barua yake ikatoa nyekundu, akabaki amesimama kati ya malango mawili ya gereza, akiletewa chakula na pande zote mbili. Bajeti ya taifa nayo ilikuwa batili, ila hilo halikugunduliwa upesi kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiisoma.

Ikaundwa tume, ikaitwa Tume ya Kuchunguza Wekundu. Ilikaa, na Bi. Sikudhani akaimiminia kahawa. Mjumbe mmoja alipendekeza vioo vya vifaa vipakwe rangi ya kijani. Mwingine akasema tatizo ni wino, ingawa mashine haikuwa na wino. Nyamizi akaitwa, akaulizwa kwa nini mashine yake haina malezi.

"Mashine inasema kweli tu," alijibu. "Imetia sahihi karatasi tupu. Nyinyi mkaandika. Ndiyo inawaambia: hii siyo niliyoitia sahihi."

"Yaani inatusema sisi?" akauliza Bwana Mapande.

"Inasema kilichotokea, mzee."

"Ndiyo hayo ninayoyasema mimi. Malezi."

Sasa, pale mezani palikuwa na karatasi moja ambayo karani aliisahau bila kuijaza. Mjumbe mmoja, kwa kuchoka tu, akaielekezea kifaa. Kikatoa kijani. "Sahihi ya Waziri ni halali," ikasema ile sauti. "Hati haijaguswa." Wakajaribu nyingine tupu. Kijani. Waziri, ambaye alikuwa amefumba macho akitafakari, akayafumbua.

"Mmeona?" alisema. "Sahihi yangu haina kasoro. Kwa muda mrefu sana maandishi yamekuwa yakiingilia kazi ya sahihi. Sasa yakome."

Ikaamuliwa kuwa hati zote za serikali zitolewe bila neno lolote juu yake. Waraka wa kuutangazia umma ukatolewa hukohuko, nao ukiwa mtupu, kama sheria ilivyotaka. Redioni mtangazaji akasema, "Tunasoma sasa waraka wa Serikali." Kukawa kimya kwa muda, karatasi ikasikika ikigeuzwa upande wa pili, kimya tena, kisha ukapigwa wimbo wa gwaride. Wazee waliokuwa wakisikiliza walisema ni waraka mfupi, haujamwonea mtu.

Nchi ikatulia. Bwana harusi akapewa cheti cheupe, akarudishiwa mke. Mfungwa akapewa barua nyeupe, na walinzi wa malango yote mawili wakaikubali, mmoja akidhani anatoka na mwingine akidhani anaingia. Na Nyamizi alipandishwa cheo. Barua yake haikuwa na doa. Alipouliza cheo chenyewe ni kipi, akaambiwa kipo kwenye barua.

*

Bi. Sikudhani naye akaitwa dirishani akapokee ruhusa mpya. Akaigeuza. Pembeni chini palikuwa na kimraba chenye vidoadoa ambacho ndicho sahihi ya Waziri. Kwingine kote, kweupe kama shuka la maiti.

"Mwanangu," alimwambia karani, "hii ndiyo ruhusa yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Ya nyumba ya uzazi?"

"Ya kile ulichoomba."

"Mlinzi atajuaje niliomba nini?"

"Mama, tukimwandikia ajue, itatoa nyekundu, hatafungua. Tusipomwandikia, ni kijani, ila hatajua. Sasa wewe chagua."

Alitoka akaketi kwenye kigoda chake langoni. Nyamizi akaja, akaagiza kahawa, akaketi kwenye jiwe la pembeni na cheo chake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mama. Hivi, mtu akiandika humu kwa penseli tu? Taratibu?"

"Hata kwa mkaa, bibi. Itajua."

"Na mashine yenyewe haijui kwamba humu hamkuwa na kitu?"

Nyamizi akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Inajua hakuna kilichoongezwa. Kama palikuwa na kitu au hapakuwa, haijaulizwa." Akanywa, akatazama kikombe. "Binti yako vipi?"

"Siku zake hazijafika. Lakini halali vizuri."

"Mungu atamvusha."

"Amina. Na kufuli pia alivushe."

Usiku ule alisali zaidi ya kawaida, na ile karatasi ikiwa chini ya mswala, si kwa imani yoyote, bali kwa kuogopa mtoto wa jirani asiichore.

Uchungu ulimshika Saumu kesho yake, baada ya Alasiri. Bi. Sikudhani alituma mtu gatini, akarudi mbio na jibu: kivuko kimefungwa kamba tangu adhuhuri, leseni ya nahodha ni ya zamani, ina maandishi. Hapakuwa na njia nyingine ya kuvuka mto. Akamshika binti yake mkono, jirani akamshika mwingine, wakaenda wakisimama na kutembea mpaka kwenye nyumba ya buluu.

Matari alipowaona akasimama wima mbele ya kufuli. "Shikamoo Bi mkubwa."

"Marahaba. Fungua."

"Ruhusa iko wapi?"

Bi. Sikudhani akafungua pindo la kanga, akampa. Matari akaielekezea kifaa. Kijani. "Sahihi ya Waziri ni halali. Hati haijaguswa." Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaiinua juani.

"Ni nzima," alisema kwa masikitiko. "Lakini haijasema mlango."

"Haijasema kitu."

"Ndiyo ninavyosema. Sasa nitajuaje kama Waziri ameruhusu mlango huu? Pengine ameruhusu kisima. Pengine amekuruhusu ufuge kuku."

Saumu alikuwa ameinama, ameshika mgongo wa benchi, anapumua huku ameuma meno. Twilumba alikuwa ameshaweka vitambaa vyake chini na kukunja mikono ya nguo. "Matari," alisema, "huyu hasubiri."

"Na mimi nina kazi, dada. Nina watoto."

Bi. Sikudhani alikuwa amejiandaa kulia. Kwa kweli machozi yalikuwa yameshafika, na magoti yalikuwa yanaelekea chini kumwangukia yule kijana. Lakini akayaona macho ya Matari, yanavyotembea juu ya ile karatasi, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari usiokuwepo. Na kilichomtoka mdomoni hakikuwa kilio.

"Matari mwanangu. Unaisoma?"

Mlinzi akaishusha ile karatasi upesi, kama mtu aliyekutwa akichungulia bafuni kwa watu.

"Siisomi, Bi mkubwa. Natazama tu."

"Nimekuona. Umeigeuza mpaka nyuma. Waziri mwenyewe hakuisoma, wewe unaisoma."

"Bi mkubwa, usiniseme hivyo mbele za watu."

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama. "Nani anasoma?" aliuliza.

"Hakuna anayesoma," alisema Matari, na jasho likamtoka.

"Mama yako namjua, amekulea vizuri," alisema Bi. Sikudhani. "Nimwambie nini leo? Kwamba mwanawe amepewa karatasi ya mkubwa, kijani imetoka, akakaa kuidadisi inasema nini?"

Yule mzee wa baiskeli akatikisa kichwa na kutazama pembeni, kwa kumwonea aibu.

"Na wakija kuniuliza nilifungua kwa ruhusa ipi?" Matari aliuliza, sauti imeshuka.

"Wape hiyo. Atakayeisoma, aibu ni yake."

Saumu akaguna mguno ambao wanawake wote waliokuwa pale waliufahamu. Matari akatazama karatasi mara ya mwisho, safari hii akiwa amefumba macho, akaiweka mfuko wa shati, akatoa ufunguo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Twilumba akalipiga kwa kiatu chake, likaachia.

Ndani kulinukia rangi. Twilumba alichana nailoni ya kitanda cha kwanza kwa meno, na katika haraka ile alikumbuka taa zilizomkera miezi yote kule nje, akazizima, akaona giza, akaziwasha tena. Bi. Sikudhani hakuruhusiwa kuingia chumba chenyewe. Akatandika kanga kwenye sakafu ya ukumbi, akaielekea kibla, wala hakukumbuka baadaye alisali rakaa ngapi. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa kwenye sijida, na adhana ya Magharibi ilikuwa inaanza, na mtoto akalia.

Hakuinuka upesi. Alikaa palepale, paji la uso kwenye kanga juu ya vigae vipya, akisikiliza.

*

Kuanzia kesho yake, wanawake wa Magengeni na wa mitaa ya jirani walikuja na karatasi zao nyeupe, waliowahi kuomba ruhusa ya duka na waliowahi kuomba ruhusa ya mbwa. Matari alizipokea zote kwa heshima, akangoja kijani, akafungua bila kutupia jicho. Watu walimsifu. Walisema yule kijana amebadilika, amekuwa na adabu kama ya ofisini kabisa.

Ndipo Waziri akaja kuifungua nyumba rasmi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa imeshafunguka. Alishuka garini na mkasi wake mdogo wa dhahabu, akakuta utepe uliofungwa mlangoni na maofisa wa sherehe alfajiri ile umeshaanikwa nepi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Nani amefungua hapa?" aliuliza.

Matari akapiga hatua mbele, akatoa ile karatasi. Bwana Mapande akaielekezea kifaa. Kijani. "Sahihi ya Waziri ni halali," ikasema sauti ya upole mbele ya bendi, wageni na wanawake wenye watoto mgongoni. "Hati haijaguswa."

Waziri akaitazama sahihi yake. Kusema hakujua alichokitia sahihi, angekuwa amesema neno ambalo halijawahi kusemwa na mkubwa yeyote katika Subirani. Akarudisha mkasi mfukoni.

"Ndugu wananchi," alisema, "nyumba hii niliifungua mapema, kimyakimya. Sipendi makuu."

Makofi yakapigwa, na ya Bi. Sikudhani yalikuwemo, kwa kuwa mtu akikusaidia bila kujua, shukrani bado ni haki yake.

Ikaja zamu ya kutoa cheti cha kwanza cha kuzaliwa, kwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Saumu akasogea, mtoto kifuani. Waziri akakabidhiwa cheti ampe. Sasa, mshereheshaji wa siku ile alikuwa mgeni katika kazi, hakuwa amefundwa, akasema kwenye kipaza sauti, "Na tunamwomba Mheshimiwa atusomee jina la mtoto."

Bwana Mapande akafumba macho. Watu wenye malezi wakaangalia chini, wengine wakajifanya kufunga kamba za viatu, ili wasimwone mkubwa akiwekwa katika hali ile. Waziri alikiinua cheti. Alikitazama upande wa mbele. Akakitazama muda mrefu, na wapo wanaoapa kwamba midomo yake ilitikisika.

"Jina zuri," alisema mwishowe. "Asiliguse mtu."

Akampa Saumu cheti, akaingia garini.

Watu walipotawanyika, Bi. Sikudhani alikikunja kile cheti akakifunga kwenye pindo la kanga, mahali ilipokuwa ruhusa. Akamchukua mjukuu wake, akaketi naye kwenye benchi ambalo Twilumba hakuwa tena na nafasi ya kulikalia, akamwinamia sikioni na kumwambia jina lake. Nyamizi, aliyekuwa amekuja kusikiliza kama cheo chake kitatajwa, aliketi karibu akalisikia, akatabasamu. Jina hilo mtaa mzima wa Magengeni unamwitia mpaka leo, na akiitwa anaitika. Serikalini bado hajaitwa.